Jimbo Moja, Mizani Tatu

Dada mmoja, msomaji wa safu hii, ameniletea barua yenye swali zito. Mdogo wake afanyaye kazi katika jimbo la Delaware, nchini Marekani, ameona nyumba mbili za bei sawa: moja katika kaunti ya New Castle, upande wa kaskazini, na nyingine katika kaunti ya Sussex, upande wa kusini. Kaunti kwao ni kama wilaya kwetu. Jamaa wameombwa wachange fedha za malipo ya kwanza. Dalali amewaambia kwamba kodi ya nyumba huko Sussex ni nafuu. Dada auliza: “Yawezekanaje nyumba za bei moja, katika jimbo moja, zitozwe kodi mbili? Au kijana anadanganywa, na akiba yetu itapotea?”

Ndugu msomaji, dalali hakusema uongo, lakini hakumaliza maneno. Serikali ya jimbo la Delaware haitozi kodi ya nyumba. Watozaji ni kaunti, miji na wilaya za shule, na sehemu kubwa ya kodi hiyo huenda shuleni. Kila mmoja huweka kiwango chake kwa mahitaji yake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya tofauti.

Sababu ya pili ni mizani. Kodi hutozwa juu ya thamani iliyoandikwa daftarini, wala si juu ya bei ya sokoni. Delaware ina kaunti tatu tu, na kwa miaka mingi kila moja ilikuwa na daftari lake la kale. Sussex ilitumia thamani za mwaka 1974, tena ikahesabu nusu yake tu. New Castle ilitumia thamani za mwaka 1983 kwa ukamilifu. Kent, iliyo katikati, ilitumia thamani za mwaka 1987 na kuhesabu asilimia 60. Hata nyumba iliyojengwa juzi ilikadiriwa kana kwamba ilikuwako katika mwaka huo wa kale. Basi kulinganisha viwango vya kaunti hizo kulikuwa sawa na kulinganisha bei ya mchele wa muuzaji apimaye kwa kibaba na ya yule apimaye kwa pishi.

Ubaya wa daftari la kale hauonekani upesi. Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu. Mwaka 1974 nyumba mbili za Sussex zilikuwa na thamani ya dola 50,000 kila moja. Nusu yake ni dola 25,000. Kodi ikiwa dola 4 kwa kila dola 100, kila mwenye nyumba hulipa dola 1,000. Miaka ikapita. Nyumba ya pwani, palipojaa watalii, ikafikia dola 300,000, na ile ya bara dola 100,000 tu. Daftari halikubadilika, na wote wawili wakaendelea kulipa dola 1,000. Mwenye nyumba duni akawa anambeba mwenye nyumba ya fahari.

Sasa tuandike thamani mpya, na makusanyo yabaki dola 2,000. Kiwango kitashuka hadi senti 50 kwa kila dola 100. Mtu wa pwani atalipa dola 1,500, na mtu wa bara dola 500. Tazama, kiwango kimeshuka mara nane, na bado kodi ya mmoja imepanda! Ndiyo maana kiwango peke yake hakimwambii mtu lolote.

Jambo hili lilifikishwa mahakamani mwaka 2018 na watu waliotetea watoto wa shule wenye shida, kwa kuwa daftari la kale hudumaza pato la shule. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba makadirio hayo yalivunja sheria ya thamani ya kweli na sharti la katiba la usawa wa kodi. Kaunti zote zikakadiriwa upya: Kent ilianza kutumia thamani mpya mwaka 2024, New Castle na Sussex mwaka 2025. Haki ilipokuja haikuja kimya. Huko New Castle mzigo wa nyumba za kuishi uliongezeka na ule wa majengo ya biashara ukapungua. Malalamiko yakawa makubwa hata bunge la jimbo likaitwa katika kikao maalumu mwezi Agosti 2025, likaruhusu wilaya za shule za huko kuweka viwango mbalimbali kwa makazi na biashara.

Basi, dada, mwandikie mdogo wako asitoe hata senti kabla ya kuuliza mambo manne. Nyumba imeandikwa thamani gani katika makadirio mapya? Imo katika wilaya gani ya shule? Je, imo ndani ya mpaka wa mji wenye kodi yake? Na ankara ya mwaka huu ni kiasi gani? Ankara ya zamani ya muuzaji isimtulize moyo, kwani ilipimwa kwa mizani iliyokwisha kutupwa.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Delaware yatufundisha la kuongeza: daftari lisilosahihishwa nalo huipoteza mali, tena ya mnyonge kwanza.