Picha ya Mchezaji Ngoma

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme jambo juu ya picha wanazopigwa wachezaji wanapotafuta nafasi ya masomo. Kwetu Kongowe (hii ya Kibaha, si ile ya Barabara ya Kilwa) mdundiko ukipita mtoto huacha uji wake, lakini mchezaji anayesifiwa na wote hana hata picha moja ya kumshuhudia.

Huko Ulaya shule nyingi za bale humtaka mwombaji aliye mbali alete picha kwanza. Wala si picha yoyote. Asimame juu ya mguu mmoja, wa pili aunyooshe nyuma. Kisha aunyooshe ubavuni. Nguo zimbane, ukuta uwe mtupu, vidole vya miguu visikatwe. Mwalimu aitazamapo huona goti, kifundo na mgongo kabla ya kuona sura. Wapiga picha wajuao kazi hiyo huishusha kamera hata usawa wa kiuno, maana ikiwa juu miguu huonekana mifupi.

Labda msomaji atazikumbuka picha za watoto wa Kibera wakijifunza bale, alizopiga Mswidi Fredrik Lerneryd, zilizoenea duniani mwaka 2017. Ni nzuri mno. Lakini hizo zaeleza mahali, na picha ya kuombea nafasi yaeleza mwili. Joel Kioko, aliyekulia Kuwinda, Nairobi, alifika English National Ballet School ya London. Sidhani kama alipimwa kwa bati la nyumba yao.

Sasa yetu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha nne, hodari wa sindimba, ataka kuomba TaSUBa, Bagamoyo, chuo kilichoanza mwaka 1981 na kufanywa taasisi mwaka 2007. Likizo iliyopita alikwenda kupigwa picha. Akarudi na picha amesimama wima mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, uso umesafishwa kwa kompyuta hata kovu la kidevuni halipo. Picha ya posa! Sindimba ni kiuno, na kiuno kikisimama hakuna sindimba.

Hapo ndipo ninapoachana na watu wa bale. Mchezo wao una mikao ya kutulia; ngoma yetu haitulii. Kwa hiyo picha moja haitoshi: zipigwe sita au saba katika mzunguko mmoja wa ngoma, kwa kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Tena mpiga picha ajue mapigo. Angojaye kuona mruko ndipo abonyeze, humpata mchezaji amekwisha kutua. Mwanafunzi aijuaye ngoma ile atamshinda fundi wa mjini.

Sheria yatukataza simu shuleni, nami siipingi. Lakini shule ina kamera, nayo hutoka kabatini siku ya mahafali tu. Namwomba mwalimu wa michezo aitoe Jumamosi mbili, saa kumi jioni, jua likiwa limelegea, kwenye ukuta mweupe wa bwalo. Wazazi wasemao kuwa ngoma ni uhuni waje watazame. Na picha zisisafishwe: kovu libaki, na goti lililopinda libaki vilevile, kwa kuwa siku ya usaili goti hilo litakwenda naye Bagamoyo.

Mtihani wetu ni Novemba. Baada ya hapo mwenzetu huyu atarudi kwao, na kamera itabaki kabatini.