Ushindani haujavunja kikundi chetu

Mwandishi, hapo uliposema kwenye makala yako kwamba ushindani unaua vikundi vya jogging, hapana. Sisi wa Sakina, Arusha, kila Jumamosi alfajiri tunapanda barabara ya Namanga hadi Ngaramtoni, na tunashindana kwelikweli. Tuna fundi cherehani na dereva wa Noah wanaowindana tangu mwanzo. Anayeshindwa ananunua mtori, na utani wake unadumu wiki nzima. Juzi kati dereva alishikwa na kichomi akiwa mbele. Fundi akasimama, akamshika kiwiko, wakatembea pamoja mpaka pumzi ikarudi. Halafu? Wakatimka tena, kila mtu kivyake!

Na Simbu, mkimbiaji wetu wa marathon, je? Septemba 2025 kule Tokyo, Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele mpaka hatua za mwisho. Simbu akambana, akampita mstarini kwa sekunde 0.03. Wote wameandikiwa saa 2:09:48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Mtu wa kukukimbiza ndiye anayekupa kasi ambayo peke yako huifikii.

Vikundi ninavyovijua mimi vilivunjwa na michango ya fulana isiyosomewa hesabu, pia na wenye mbio kuwaacha wageni gizani pembeni ya malori. Naomba uandike kuhusu hayo. Sisi anayetangulia kufika Ngaramtoni hurudi kumfuata wa mwisho.