Foronya za Mito ya Makochi kutokana na Vitambaa Vikuukuu

Ndani ya sanduku la nyumba nyingi hukaa kitambaa cha meza kilichotariziwa na mama au bibi. Hakitandikwi tena, kwa kuwa kimechakaa, wala hakitupwi, kwa kuwa ni kazi ya mkono wa mzee. Mwenyewe hudhani amekihifadhi, kumbe kinaendelea kuharibika: nguo iliyokunjwa mahali pale pale miaka mingi hukatika penye mikunjo, na unyevu huiletea madoa ya ukungu. Afadhali kikatwe kwa busara, kionekane sebuleni.

Kabla ya kushika mkasi, kifue, kisha kinyoshe mbele ya dirisha. Penye kupitisha mwanga mwingi, nyuzi zimekwisha. Vuta hapo polepole kwa vidole. Pakichanika, sehemu hiyo ni ya kufutia vumbi tu. Shuka huchakaa katikati, panapolaliwa, na kandokando hubaki imara. Tarizi ya nyuzi nyekundu ijaribiwe kwanza kwa kitambaa cheupe chenye maji, maana nyingine huchuja. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe lipakwe ndimu na chumvi, lianikwe juani, kisha lisuuzwe sana.

Kitambaa kikuukuu kisishonwe pasipo bitana. Amerikani yatosha, nguo ambayo jina lake limetokana na merikebu za Marekani zilizoileta Unguja katika karne ya 19. Ifue nayo kabla ya kuikata, kwani ikiwa mpya hurudi.

Kwa mto wa sentimita 40 kila upande, chukua gazeti, ulitoboe dirisha la kipimo hicho, ulisogeze juu ya kitambaa mpaka ua likae vizuri. Kitambaa chenye pembe nne zilizotariziwa chaweza kutoa foronya nne, na huenda hapo ndugu wanne wakaacha kugombea urithi mmoja. Ukitumia kanga, angalia mkasi usikate jina katikati. Maneno nusu huleta maana isiyokusudiwa.

Kata upande wa mbele sentimita 43 kwa 43, na bitana vivyo hivyo, uvishikize pamoja kwa bandi. Nyuma panahitaji vipande viwili vya nguo imara, kila kimoja 43 kwa 30. Katika kila kipande kunja pindo la sentimita 2 kwenye upande mmoja mrefu. Laza kitambaa cha mbele, tarizi ikitazama juu. Vipande vya nyuma viwekwe juu yake kifudifudi, mapindo yakielekea katikati na kupandana sentimita 13. Shona pande zote nne, ukiacha sentimita 1 na nusu ukingoni. Punguza pembe, geuza. Mto huingia penye kupandana, bila zipu wala vifungo.

Mafundi wengine hupenda foronya iwe ndogo kidogo kuliko mto, ipate kutuna. Kwa nguo mpya ni vizuri; kwa hii yetu sikubaliani nao, kwani mshono ukivutwa utachana nyuzi dhaifu.

Wakati wa kufua, igeuze ndani nje, uifikiche kwa mkono na kuianika kivulini. Pasi ipitishwe upande wa nyuma, juu ya taulo, ili tarizi isilale.