Takataka Zetu na Haki ya Maskini



Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Masoko hayakufungwa kwa sababu hiyo. Akina mama walirudia vikapu, na biashara ikaendelea. Jambo hilo latufundisha kwamba mazoea yaweza kubadilika.

Hata hivyo tusijidanganye. Rambo limeondoka, chupa ya maji imebaki. Baada ya harusi, Kipaimara au sikukuu ya somo wa parokia, uwanja wa kanisa hujaa chupa. Anayeziondoa ni mwokota makopo, ambaye hulipwa kwa kilo. Chupa tupu ni nyepesi mno. Humlazimu kuinama mara nyingi kabla ya mizani kusogea. Hapo suala la usafi linakuwa suala la haki.

Wako wasemao kwamba hakuna haja ya wasiwasi, kwa kuwa plastiki hurejelezwa. Kurejeleza ni kwema, lakini hakutoshi. Taarifa ya OECD ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba duniani kote ni asilimia 9 tu ya taka za plastiki ndizo zilizorejelezwa. Chupa ina mnunuzi. Kipakiti chembamba hakina, wala hakuna akiokotaye. Huziba mfereji, na masika yakija maji huingia kwanza katika nyumba za maskini waishio mabondeni. Kikichomwa uani, moshi wake wenye sumu huvutwa na watoto.

Basi tuanzie dukani, si jalalani. Soda ya chupa ya kioo tunaifahamu sote: chupa hurudishwa, huoshwa na kujazwa tena. Utaratibu huo haukuletwa na wataalamu wa mazingira. Ni wetu tangu zamani, na wafaa kulindwa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Halmashauri ya Walei iamue kwamba sherehe za parokia zitumie maji yaliyochemshwa, katika ndoo zenye koki, na vikombe vya kuoshwa. Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo zichange fedha na kununua mafuta na sabuni kwa madumu, kisha wanajumuiya wagawane katika vyombo vyao. Maskini hanunui kipakiti kwa kupenda, bali kwa sababu fedha yake haifiki kwenye dumu. Tatu, chupa zisizoepukika zikusanywe zikiwa safi, na mwokota makopo akabidhiwe kwa heshima, akijulikana kwa jina lake.

Injili ya Yohane (6:12) yasimulia kwamba umati uliposhiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye mabaki, kisipotee kitu. Kazi hiyo aliwapa wale waliokuwa karibu naye kabisa. Hakumtafuta maskini wa kuifanya badala yao. Nasi tulio karibu na altare tujiulize tumemwachia nani kazi hiyo.