Mgao mnono si faida: Somo la Greenspan kwa vijana wa Eastlands

Jumamosi jioni, Greenspan Mall pale Donholm huwa imejaa. Kuna wanaonunua unga, kuna wanaokula chipsi, na kuna waliokuja kupiga picha tu. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya miaka minane jumba hili lilikuwa na uhusiano na soko la hisa. Mkenya yeyote, hata anayeishi bedsitter kule Umoja, angeweza kumiliki kipande chake na kulipwa mgao kutokana na pesa za wapangaji.

Hazina yenyewe iliitwa Fahari I-REIT. Ilisajiliwa katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE) Novemba 2015, kila kipande kikiuzwa Sh20. Greenspan ndiyo iliyokuwa mali yake kubwa. Sheria inaitaka hazina ya aina hii igawie wenye vipande angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi. Kwa kijana anayesaka kitu cha kumlipa kila mwaka bila jasho, hii ilionekana kama ndoto.

Mgao ulilipwa, tena mara nyingi ulikuwa kati ya senti 50 na senti 75 kwa kipande. Shida ilikuwa bei. Ilishuka mwaka baada ya mwaka hadi ikafika karibu Sh6. Mwaka wa 2023, wawekezaji wadogo waliotaka kutoka waliahidiwa Sh11 kwa kila kipande, na Februari 2024 Fahari ikaondoka kwenye soko kuu la NSE.

Hebu tupige hesabu ya mtaani. Tuseme ulinunua vipande 1,000 mwanzoni kwa Sh20,000. Tukufanyie hisani tuseme ulipata senti 75 kila mwaka kwa miaka minane: hiyo ni Sh6,000. Ukauza kwa Sh11, ukapata Sh11,000. Jumla ni Sh17,000. Umengoja miaka minane, bei ya unga na nauli imepanda mara ngapi sijui, na bado hujarudisha hata pesa ulizoweka.

Sasa tazama mtego ulipo. Bei ilipokuwa Sh6, mgao wa senti 65 ulikuwa karibu asilimia 11. Kwenye karatasi hiyo ni asilimia tamu sana, na msee wa WhatsApp angekutumia akiandika "form ndiyo hii". Lakini asilimia ilipanda kwa sababu bei ilianguka, si kwa sababu biashara ilinawiri. Mgao mkubwa kuliko wa wengine wote sokoni mara nyingi ni dalili kwamba kuna kitu ambacho wauzaji wanakiona na wewe hujakiona.

Kwa nini Fahari iliyumba? Sababu moja ni kwamba ilianza ikiwa ndogo. Ililenga kukusanya Sh12.5 bilioni ikapata takriban Sh3.6 bilioni, kwa hivyo ikanunua majumba machache. Ukiwa na majumba machache, mpangaji mmoja akiondoka unaumia. Mpangaji mkuu wa Greenspan alikuwa Tuskys, na sote tunajua yaliyolikuta duka hilo. Gharama za kuendesha hazina nazo hazikupungua kwa sababu eti hazina ni ndogo.

Linganisha na Safaricom. Mwaka wa 2008 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa Sh5. Mwaka uliofuata zilishuka chini ya Sh3, na wengi Eastlands waliuza kwa hasira. Waliokaa walipata mgao wa Sh1.20 kwa kila hisa katika mwaka uliokamilika Machi 2024. Hiyo ni asilimia 24 ya walicholipa. Lakini aliyenunua 2021, bei ikiwa imepita Sh40, mgao huo huo kwake haufiki hata asilimia 3. Kampuni ni moja, mgao ni mmoja, tofauti ni bei uliyoingilia na muda uliokaa.

Na hata kampuni kubwa huruka mwaka. KCB haikulipa mgao wa 2023, kisha ikalipa Sh3 kwa mwaka wa 2024. Kenya Power ilikaa tangu 2017 hadi 2024 bila kuwalipa wenye hisa za kawaida. Ndiyo maana kuweka doo yote kwa kampuni moja kwa sababu ya mgao ni kamari.

Kuna wanaosema afadhali zile MMF za kwenye simu. Ni nzuri, lakini zina kazi yake. Zinakulipa riba, na riba hufuata soko. Mapema 2024 riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13. Kufikia Desemba 2025 ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 9, na MMF zikafuata njia hiyo hiyo kushuka. Weka huko pesa za dharura na za kodi ya miezi mitatu. Pesa za miaka kumi zinahitaji kitu kinachokua.

Na wewe uliye kwenye Sacco, elewa kitu kimoja: mgao hulipwa kwa mtaji wa hisa, na akiba yako hulipwa riba. Akiba unaweza kuidai ukitoka. Mtaji wa hisa kwa kawaida hautolewi. Unamuuzia mwanachama mwingine. Usiuongeze mtaji huo kwa tamaa ya asilimia kabla hujajua nani ataununua siku ukihama.

Basi kabla ya kuchagua hazina yoyote ya mgao, uliza maswali haya. Mgao unatoka wapi: kwa faida ya biashara, au wanauza mali na kukopa ili wakulipe? Bei ya kipande miaka mitano iliyopita ilikuwa ngapi, na leo ni ngapi? Ada ya msimamizi ni kiasi gani? Hazina ikipata asilimia 6 naye achukue 2, thuluthi ya jasho lako imeenda. Imegawanywa kwenye kampuni ngapi? Ukitaka kutoka kesho, yupo wa kununua? Na je, ina leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA)?

Habari njema ni kwamba mlango umepanuka. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja NSE, si lazima 100 kama zamani. Kijana wa Kayole mwenye Sh1,000 kwa mwezi anaweza kuanza kidogo kidogo, akichanganya kampuni nne au tano, au akaingia hazina ya hisa inayomfanyia kazi hiyo. Mgao ukija, serikali inakata asilimia 5. Unaobaki usiule, nunua hisa nyingine.

Siku nyingine ukipita Greenspan, angalia umati ule. Maduka yamejaa wateja, na bado kuna waliopoteza pesa wakimiliki jumba hilo hilo. Mahali kujaa watu si sababu tosha ya kuwekeza, na kulipwa mgao si sawa na kupata faida. Jumlisha mgao na bei utakayouzia, kisha ondoa ulicholipa. Kinachobaki ndicho chako.