Karata za Maneno Zisiogopwe Darasani

Neno "karata" likitajwa mbele ya baadhi ya wazazi na walimu, mawazo yao hukimbilia mara moja kwenye kamari na uvivu. Hofu hiyo ina sababu. Hata hivyo, zipo karata za namna nyingine ambazo yafaa zipewe nafasi katika masomo ya lugha, nazo ni karata za maneno.

Mchezo wenyewe ni rahisi. Mwalimu wa Msasani, kwa mfano, aweza kukata boksi tupu vipande 20 na kuandika jozi 10 za maneno yaliyokwisha kufundishwa: "ukuta" na "kuta", "ulimi" na "ndimi"; au, katika somo la Kiingereza, neno na mchoro wa ngalawa, wavu au samaki ambao watoto wa pwani ile wanawafahamu. Vipande huchanganywa na kulazwa kifudifudi. Kila mwanafunzi hufunua viwili kwa zamu; vikilingana huvichukua, visipolingana huvifunika pale pale.

Mtoto anayeitikia pamoja na darasa zima aweza kuchezesha midomo bila kujua kitu. Katika karata hana pa kujificha. Hulazimika kulitafuta neno akilini mwake mwenyewe, na juhudi hiyo ndiyo inayolikaza.

Jambo hili si dogo. Tangu 1967 Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, lakini sekondari masomo hutolewa kwa Kiingereza. Asiye na akiba ya maneno huishia kukariri sentensi asizozielewa, na hapo jiografia na bayolojia nazo humpotea.

Hatusemi mchezo uchukue nafasi ya mwalimu. Karata hurudia yaliyofundishwa. Neno jipya hazilifundishi. Tena mtoto mwerevu aweza kukumbuka kipande kilipo bila kujua maana yake. Kwa hiyo pawe na sharti: hachukui jozi mpaka ayatumie maneno yake katika sentensi sahihi. Dakika 15 kila wiki, kwa vikundi vya wanne wanne, zatosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka shule zijenge akili yenye kudadisi. Boksi, mkasi na kalamu havisubiri fungu la bajeti. Basi maofisa elimu wakikuta darasa lenye vicheko, wasiharakishe kulihukumu. Kwanza wasikilize sentensi zinazosemwa humo.