Mbweha hajui mpaka, chanjo ya mbwa nayo isijue

WAHENGA walisema fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Usemi huo unamhusu leo kila mfanyabiashara anayelaza mbuzi, kuku au mbwa wa ulinzi katika miji ya mpakani. Fisi na mbweha si habari za porini tena. Katika miji mingi wamekuwa majirani wanaopita nyuma ya ghala watu wakiwa wamelala.

Mfano wa karibu ni Namanga. Upande wa Kenya wanyama wanatoka Amboseli, na upande wa Tanzania kuna nyika za Longido. Wanavuka huku na huko bila kugongewa muhuri. Watu nao wamewasogelea. Kila penye soko, machinjio na mama ntilie kuna utumbo, mifupa na mabaki ya ugali yanayotupwa nyuma ya vibanda. Kwa fisi anayenusa mzoga kutoka mbali, huo ni mwaliko. Kwa mbweha anayekula panya, matunda, vifaranga na wana-mbuzi, ni karamu ya kila usiku.

Hasara ya mwaliko huo inafahamika. Wakazi wa Ongata Rongai na Juja, pembezoni mwa Nairobi, wameshambuliwa na fisi katika miaka ya karibuni. Mkoani Simiyu, Tanzania, familia zimelia kwa sababu hiyo hiyo, na wapo wanaosema fisi hao wametumwa na wachawi. Imani hiyo ina gharama yake. Anayeamini kwamba fisi ametumwa hatafukia taka wala kuimarisha zizi, atatafuta wa kulaumiwa.

Hata hivyo, mbuzi aliyeliwa ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa huja kimyakimya, pale mbwa asiyechanjwa anapopigana usiku na mbweha au mbwa mwenzake mwenye kichaa, kisha asubuhi akarudi kucheza na watoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Asia na Afrika. Takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Kinachookoa ni hatua zinazochukuliwa kabla ya hapo.

Ni vema mbweha asibebeshwe lawama isiyo yake. Hadi asilimia 99 ya wagonjwa wa binadamu huambukizwa na mbwa wa kufugwa. Utafiti wa miaka mingi kuzunguka Serengeti umeonyesha kwamba mbwa wa vijijini ndio wanaouweka ugonjwa hai, na wanyamapori huupata kutoka kwao. Si kichaa peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, distempa, uliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi hiyo. Kwa maneno mengine, mpaka kati ya nyumba na pori huvukwa kutoka pande zote mbili.

Ndiyo maana kutega nyama yenye sumu si dawa. Sumu humuua mbweha mmoja, pamoja na mbwa wa jirani na tai wanaosafisha mizoga bila malipo. Tai wakipungua, mizoga hukaa muda mrefu zaidi na fisi hupata sababu ya kurudi.

Dawa inajulikana: chanjo. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa katika eneo, na kampeni ikarudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba ni ushahidi. Kampeni za chanjo zilikitokomeza kichaa cha mbwa kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa vinasaba vya virusi ukaonyesha kwamba kilikuwa kimeletwa kutoka nje ya kisiwa. Chanjo ikarudiwa, na kufikia 2018 kilikuwa kimetoweka tena. Ikiwa kisiwa kilichozungukwa na bahari kinaweza kuletewa ugonjwa, mji uliogawanywa na barabara moja utajilindaje peke yake?

Hapo ndipo penye pengo. Mbwa anayevushwa kihalali hudaiwa cheti cha chanjo na kibali cha daktari wa mifugo. Mbwa anayejivukia mwenyewe kufuata mifupa ya upande wa pili hadaiwi chochote. Halmashauri ikichanja mwezi huu na kaunti jirani ikasubiri bajeti ya mwaka ujao, kazi ya wa kwanza huliwa na ucheleweshaji wa wa pili. Desemba 2018 Marais John Magufuli na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani Namanga, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Moyo huo huo unahitajika kwa afya ya mifugo. Maofisa wa Longido na Kajiado, wa Sirari na Isebania, na wa Holili na Taveta wakae meza moja, wachague wiki moja, wachanje mbwa wa pande zote mbili na wapeane orodha. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, ipo tayari kwenye kalenda. Lengo la dunia ni kukomesha vifo vinavyotokana na kichaa kinachoenezwa na mbwa ifikapo 2030, na muda uliobaki ni mfupi.

Wafanyabiashara nao hawana haja ya kusubiri kikao. Mifugo inayosubiri soko au lori ilazwe ndani ya zizi lenye uzio wa waya imara, usio na nafasi chini pa kupenya. Miiba mikavu peke yake huoza na kuacha matundu. Huko Simanjiro wafugaji wamepanda miti hai kuwa nguzo za uzio wa waya, na kadiri miti inavyokua ndivyo zizi linavyoimarika. Taa zinazowaka na kuzima, kama zile alizobuni Richard Turere akiwa mvulana wa Kimaasai jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ili kuwazuia simba, zinasaidia, lakini haziwezi kuwa badala ya ukuta.

Kuku wafungiwe kabla jua halijazama. Chakula cha mbwa kisiachwe nje usiku, na mbwa mdogo asifungwe mnyororo peke yake uani, maana hana pa kukimbilia. Taka za machinjio zifukiwe siku hiyo hiyo. Kamati za soko zinazotoza ushuru kila asubuhi zina wajibu wa kuhakikisha shimo hilo limechimbwa.

Mbweha au mbwa anayetembea mchana bila woga, anayetokwa na mate au kuuma ovyo, asikaribiwe. Aripotiwe kwa ofisa mifugo au askari wa wanyamapori. Anayeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano, na azimalize zote hata kidonda kikipona. Mfanyabiashara aliye safarini asiahirishe hadi afike nyumbani, aanzie kituo kilicho karibu, upande wowote wa mpaka.

Kwa aliyepoteza mifugo kwa fisi, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua fidia, na Tanzania ina utaratibu wa kifuta jasho na kifuta machozi. Kote kuwili aliyechelewa kutoa taarifa, au aliyeondoa mzoga kabla haujakaguliwa, hujiharibia madai yake mwenyewe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefanya kazi kubwa kurahisisha safari ya mahindi, saruji na ng'ombe. Ugonjwa nao husafiri kwa njia hizo hizo, bila foleni. Serikali za pande mbili zichanje pamoja, na kila mwenye mbwa ampeleke siku ya chanjo. Mlango wa mzima usipofungwa leo, fisi hatauliza ni wa nchi gani.